Kigumba Kilichopigwa Mchangani

Sikilizeni, wanangu. Binti, kaa upande wa sikio langu zima, na wewe kaka yake acha kukunja uso, bado sijafa. Vuteni lile sanduku la vigumba vya mishale chini ya kitanda, tugawane nikiwa na pumzi.

Hivi vyembamba vya makali mawili ni vya binti. Upinde wako ni mwepesi, mama, na kigumba chembamba hupenya hata mshale usipokuwa na nguvu nyingi. Vile vipana, ambavyo kaka yako amevimezea mate tangu utotoni, hufungua jeraha kubwa na damu huonekana njiani, ila vikigonga mfupa vinagoma kuingia. Basi wewe mwenye mabega vichukue, lakini pima kwanza uzito wake ulingane na vile vya mazoezi, la sivyo mshale utakwenda unakotaka wenyewe. Hivi vya kujikunja, vinavyochanua vikimgusa mnyama, sikuwahi kuviamini. Gawaneni mtakavyo, nisiwasikie mkigombana.

Sasa kuna jambo limenikaa rohoni miaka kumi na miwili. Mnajua baba yenu mdogo, mnoaji, hakanyagi hapa. Mliambiwa alininolea kigumba butu, paa akakimbia na mshale ubavuni, tukamtafuta siku mbili tusimwone. Wawindaji wenzangu wakaacha kumpelekea vigumba vyao, akafunga karakana, akahama. Aliyeyasema hayo ni mimi.

Kweli ni hii. Alininolea vitatu, akavipaka mafuta, akanionya nisivipige popote mpaka siku ya mawindo. Asubuhi ile majirani walijaa uani, nami kwa kupenda sifa nikatoa kimoja, nikakipiga kwenye gunia la mchanga mara tatu, wakashangilia, nikakipangusa kwa shati na kukirudisha podoni. Mchanga unakula makali, hata mtoto anajua, na ndicho hichohicho nilichompigia yule paa. Tuliporudi mikono mitupu watu wakauliza, nikamnyooshea kidole mdogo wangu. Akanitazama, akasema, "Kaka, nilikupa vikali vyote vitatu." Nikampa mgongo. Naona aibu, wanangu, mpaka leo naona aibu.

Kwa hiyo nendeni kwake wote wawili. Msimwambie nilikosea, mwambieni nilimsingizia, kwa maana aliyekosea huwa hakujua, na mimi nilijua palepale, nikiwa nimesimama mbele yake. Mkirudi naye waiteni wale wawindaji, waliobaki hai, muwaeleze yeye akiwapo, msipunguze neno kwa kunionea haya. Akikataa kunizika, ana haki, msimlaumu.

Nipe maji kidogo, binti. Basi... yatosha. Mungu awape mikono imara na macho mazuri, na mwendelee kuitana kaka na dada hata mkiwa na... hata mkiwa na hasira.

Mbona bado mmekaa? Kwake ni mwendo wa nusu siku. Nendeni mkamlete, akikubali. Mimi nitajitahidi... nitajitahidi kumsubiri.