Bi Hofu na Agizo Lililorudiwa

Dada yetu tunayemzika leo, kifungua mimba wa fundi cherehani na mkunga, alizaliwa tarehe 9 Machi 1981, katika chumba cha nyuma ya duka la baba, akasoma shule za mtaa huohuo, akahitimu uhandisi wa kompyuta mwaka 2005, na tangu utotoni alikuwa mwoga, hatufichi, mtu wa kurudi nyumbani kuhakikisha pasi imezimwa, nasi tukamwita Bi Hofu, naye akitujibu kwamba kwa mwoga huenda kicheko.

Tarehe 1 Februari 2006 aliajiriwa katika kituo cha data, ukumbi wenye baridi kali, ambako alimpata fundi wa viyoyozi, wakafunga ndoa tarehe 14 Agosti 2010, wakajaliwa binti na mvulana. Baadaye zililetwa kadi za kompyuta za kuharakisha hesabu, chache na ghali, kila idara ikitaka yake, basi yeye na wenzake wakaziunganisha kwenye mtandao kwa utaratibu uleule wa kusoma na kuandika diski za mbali, hata kila seva ikaamini kadi ni diski yake yenyewe.

Hapo hofu yake ilipata kazi, kwani diski ikichelewa kujibu, seva hurudia agizo, na faili likiandikwa mara mbili halina dhara, lakini kadi inayojumlisha ikiagizwa mara mbili hujumlisha mara mbili, jambo ambalo hakuna aliyeliwaza hadi jumla moja ya majaribio ilipotoka maradufu. Alitia kila agizo alama yake ya pekee, ili kadi ikatae kazi iliyokwisha kuifanya, ingawa wakubwa walinung'unika kwamba inapunguza kasi.

Januari 2023 aligundulika ana saratani, akalazwa katika hospitali ambayo dozi zake za mionzi ya tiba hukokotolewa na kadi zilezile za kituo chao, na tangu hapo hakulala vizuri, wala sisi. Wapimaji wa mionzi walimkokotolea upya kwa mkono, dozi ikawa sahihi, lakini aliwatazama wagonjwa wengine kwenye foleni, akasema, "Nendeni mkaulize kama alama bado ipo."

Binti yake aliuliza, hakujibiwa, akauliza tena, mpaka tarehe 3 Juni wenzake marehemu wa kazini walipokuja wodini wenyewe, wakakiri waliwahi kuiondoa alama siku moja kwenye majaribio, wakaogopa, wakairudisha kabla ya mgonjwa yeyote kuguswa. Marehemu hakuwa akiitika tena. Binti alimwambia sikioni kwamba alama ipo, na kwa kuwa hakujibu, akarudia, akarudia tena, hadi mama yake alipokata roho saa tisa alasiri.

Familia inawashukuru madaktari, wauguzi na wapimaji, majirani waliotulelea watoto, na wenzake wa kazini, ambao tunawaomba jambo moja tu, waendelee kuogopa.

Dada, alama ipo, tunakwambia tena, maana hili halidhuru likirudiwa. Pumzika sasa kwa amani.