Paa Lilikwenda, Pumzi Ikabaki

Wapendwa, Bwana apewe sifa! Na nyinyi wa viti vya nyuma, itikieni kwa sauti, maana haya nitakayosema yanawahusu hata msiougua.

Wengi hapa Ngokolo mnanijua, mimi ni Mama Kulwa, afisa tabibu. Nilipostaafu serikalini nilifungua zahanati ndogo kule Samuye, kwenye kiwanja alichonipa baba mkwe wangu, mzee Masanja. Kina mama wa pale walikuwa wanapakiwa kwenye pikipiki na uchungu wao mpaka mjini! Nikasema hapana, Bwana ananiita huku.

Lakini ndugu zangu, niliishi na hofu. Mchana nacheka na wagonjwa, nikirudi nyumbani moyo unadunda. Mtu akidhurika na sindano yangu, je? Upepo ukichukua paa, je? Mnaujua upepo wetu unaotangulia mvua za kwanza. Kila nilichokuwa nacho kilikuwa ndani ya zile kuta. Zikianguka, mimi nimekwisha, na kina mama wa Samuye wanarudi kwenye pikipiki.

Basi nikamwita wakala wa bima, dada mmoja mchangamfu wa mjini, aje aione zahanati. Akaketi uani mbele ya wazee, akaanza maswali yake. Moto ukiwaka mtafanyaje? Ukuta ukianguka? Mzazi akifia mikononi mwenu? Ee Bwana! Mzee Masanja akasimama na fimbo yake. "Huyu anatutabiria!" Kwake yeye, balaa halitajwi kwenye uwanja wa mtu. Ukilitaja, umeliita. Akaagiza maji, dada wa watu akaamriwa ayaweke mdomoni na kuyapuliza chini ili maneno yake yaondoke nayo. Akapuliza, maskini, sketi yake ya ofisini ikalowa. Kisha akaaga.

Na wenzangu wa maombi nao wakaja juu, eti bima ni kumwambia Mungu hatoshi. Nikabanwa huku na mwenye kiwanja, huku na walokole wenzangu! Nililia mbele za Bwana, siwafichi.

Jibu likatokea zizini. Haleluya! Ugonjwa uliingia kwa ng'ombe wa mzee, wakafa wengi. Nikaenda kumpa pole, nikamkuta anakunywa uji wake, ametulia kabisa. Akaniambia wengine wako kwa rafiki yake kule Kishapu, na wengine kwa shemeji yake. Ndivyo wazee wetu wa Kisukuma wanavyofuga, ng'ombe wanagawiwa marafiki wa mbali wawatunze.

"Baba, mbona hukuwaweka wote hapa?" nikamuuliza.

"Yaya, hapana, mkamwana! Nani anaweka ng'ombe wote zizi moja? Ugonjwa ukija?"

"Kumbe baba na wewe unajitabiria!"

Akacheka mpaka uji ukampalia. "Mwite yule binti," akasema. "Safari hii hakuna kupuliza maji."

Ndugu zangu, yule dada alirudi bila kinyongo. Tukakata bima ya jengo, na nyingine ya makosa ya kitabibu. Ila hakuishia hapo. Alisema bima si ruhusa ya kulala, akazunguka chumba kwa chumba. Mitungi ya gesi ikahamishwa. Nikapatana na dereva mmoja wa kijijini awe tayari kwa rufaa, kuwawahisha wagonjwa hospitali. Kisha akauliza, ile mifuko ya kumpa hewa mtoto anayezaliwa bila kupumua inakaa wapi? Nikamwonyesha stoo, kabatini, chini ya kufuli, kwa sababu kwetu kitu cha thamani kinafungiwa. Yote? Yote, nikasema. Nikamkumbuka mzee na ng'ombe wake! Siku hiyo hiyo nikatoa mfuko mmoja, nikautundika ukutani chumba cha kuzalishia.

Mvua ya kwanza ikaja na upepo wa hasira. Kitandani alikuwa Nyamizi, mimba yake ya kwanza, mumewe yuko machimboni Geita. Kichwa cha mtoto kinaonekana, na paa la stoo likang'oka! Ukuta ukaliangukia kabati, dawa zote matopeni. Mtoto akatoka. Kimya! Ndugu zangu, nasema kimya, amelegea, hana pumzi. Mkono wangu ukaenda ukutani. Mfuko upo! Nikaminya, nikaminya, mvua inaingia mlangoni, namwita Yesu kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Mtoto akakohoa. Akalia! Na yule dereva akafika kama tulivyopatana, akawapeleka hospitali wakaangaliwe.

Wenye bima walikuja, wakapima, wakapiga picha, wakatimiza walichoahidi. Tulitibu chini ya turubai mpaka stoo ikajengwa na paa jipya likaezekwa. Siku hizi mzee Masanja akienda mnadani anaihubiri bima kuliko wakala mwenyewe!

Mtaniuliza, kwa hiyo ni bima iliyokuokoa, Mama Kulwa? Aliyeniokoa ni Yesu! Lakini Nuhu alijenga safina jua likiwaka, na hakuna andiko linalosema alikosa imani. Wewe mwenye duka la dawa, wewe mkunga, wewe mwenye zahanati unayelala jicho moja wazi, njoo kwa Bwana. Mtegemee kwa moyo wote, na akili aliyokupa itumie. Mimi hofu imenitoka, nalala usingizi wa mtoto.

Nyamizi yuko hapa leo, amekuja na mumewe. Simama, binti yangu. Mwinue mtoto, watu wamwone. Haya, mmemshtua, anaanza kulia! Hapana Nyamizi, usimpe ziwa kwanza. Na nyinyi wazee wa kanisa, msimnyamazishe. Mwacheni alie, kanisa zima limsikie.