Mafuta ni ya Sufuriani, Si ya Utosini: Mama Kunegunda Luambano Anastaafu

Na Sixbert Mbano, Kitengo cha Lishe, Songea

Tarehe 30 Juni 1996, baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, Mama Kunegunda Luambano anakabidhi funguo za Kitengo cha Lishe na kurudi nyumbani kwake Mfaranyaki. Funguo tunazipokea. Sauti yake sidhani kama itaondoka leo wala kesho, maana hata majirani wa ofisi yetu wameshaizoea.

Alianza kazi mwaka 1965 akiwa mhudumu wa wodi ya watoto. Aliona watoto wakiletwa wamevimba miguu, nywele zimefifia, wanapata nafuu, halafu wanarudi tena na hali ileile. Akasema kazi yake si wodini. Iko jikoni mwa watu, kabla mtoto hajafika wodini. Akaenda kusomea lishe, akarudi na cheti pamoja na baiskeli ya serikali ambayo aliiendesha vibaya mno. Wazee wa Msamala bado wanasimulia alivyopita nayo juu ya mahindi yaliyoanikwa, akaomba radhi, kisha akabaki hapohapo kumfundisha mwenye mahindi namna ya kupika uji wa lishe.

Miaka ile mafuta ya kupikia yalipokuwa adimu, aliwahimiza kina mama kutwanga karanga na ufuta na kutia kwenye mboga. Ilipokuja biashara huria, maduka yakajaa makopo ya mafuta ya kuganda kutoka nje, na kopo linalong'aa likawa heshima ya nyumba. Mama Luambano hakugombana na mtu. Alizunguka mitaani na mashine ya mkono ya kukamua alizeti, akawaonjesha watu kisamvu kilichoungwa kwa mafuta hayo. Leo kikundi cha akina mama wa Msamala kinakamua na kuuza mafuta yake chenyewe, na sisi tunajivuna kana kwamba tulisukuma ile mashine.

Kazi iliyomjengea jina kubwa zaidi ilianzia nyumbani kwake. Mumewe, Mzee Hironimus, alikuwa dereva wa lori la ushirika, na barabara ya Tunduru aliijua shimo kwa shimo. Msimu wa korosho wa mwaka 1992 alisimamisha lori Namtumbo, akateremka, akawauliza wapita njia yeye anatoka wapi. Watu walidhani amelewa. Mzee huyo hajawahi kuonja pombe.

Madaktari waliuita ugonjwa huo wa kupoteza kumbukumbu Alzeima. Mama Luambano hakulala. Aliuliza, akasoma, akaenda semina Dar es Salaam, akarudi kutufundisha. Kila chembe hai ya ubongo, alisema, ina utando mwembamba uliojengwa kwa mafuta, na habari hupita katika utando huo. Mafuta mengine mwili hauwezi kuyatengeneza. Tunayapata katika mimea, kama alizeti na ufuta. Wataalamu wanachunguza iwapo chakula hicho kinaweza kuulinda ubongo wa mzee, na jibu kamili hawajalipata. Sehemu hiyo ya mwisho aliisema kwa sauti kubwa kuliko nyingine zote. Bahati mbaya, watu waliisikia ile ya kwanza tu.

Wiki iliyofuata, wazee wa Msamala walifika kliniki vichwa vinametameta. Familia zao ziliwaza hivi: ubongo ni mafuta, na padri akija kumpaka mgonjwa mafuta humpaka kwenye paji la uso, basi mafuta mahali pake ni kichwani. Mzee Eusebi alipakwa hadi kofia ikawa haikai. Sisi tulikimbilia stoo kucheka. Mama hakucheka. Alimfuta mzee kichwa kwa khanga yake, na tangu siku hiyo kila somo lake lilianza na maneno haya: mafuta ni ya sufuriani, si ya utosini.

Habari zikaenea, na ng'ombe hachinjwi bila nzi kujua. Mfanyabiashara mmoja wa mafuta hapa mjini aliandaa mkutano, akapanga madumu mbele, akamwomba Mama asimame awaeleze watu kwamba mafuta yake yanarudisha kumbukumbu. Uwanja ulijaa watu wazima waliowaleta mama na baba zao wazee. Mimi nilikuwepo. Nilijua kuwa katika watu wote pale hakuna aliyetamani maneno yale yawe kweli kuliko Mama.

Alisimama, akasema: "Jamani, mafuta haya ni mazuri, yanunueni mpikie mboga. Lakini dawa siyo. Mzee wangu anayala mwaka wa pili sasa, na jana kaniuliza mimi ni mgeni wa nani."

Mfanyabiashara alikunja uso. Kisha mama mmoja akainuka, akasema kama Mama Luambano anayapikia, basi na yeye apewe dumu. Madumu yote yaliisha kabla ya saa sita. Kizuri chajiuza, na ukweli nao una wateja wake. Kazi za lishe zina vishawishi vingi, na siku ile niliona fahari ya kufanya kazi chini ya mtu wa namna hiyo. Naiona mpaka leo.

Mama, tunakushukuru kwa watoto uliowainua, kwa wazee uliowafuta vichwa, na kwa kutukaripia bila kutudharau. Ukapumzike na kazi ukiwa na utulivu wa moyo, mboga yako isikose karanga, na siku zako nyumbani ziwe njema.

Sasa neno kwenu wageni. Mzee Hironimus yupo ukumbini, amekaa safu ya mbele, amevaa koti la kijivu alilopigiwa pasi na mkewe asubuhi. Mwamkieni. Akiwauliza sherehe hii ni ya nani, mwambieni ni ya mke wake, Kunegunda. Atafurahi sana. Akiuliza tena, mwambieni tena, mpate kuiona ile furaha mara ya pili.