Bufee ya Melini na Mguu Nilioficha

Mwenyekiti wetu, wazee wangu ambao nawaamkia shikamoo, na ninyi ndugu zangu mliofika hapa Buzuruga kwa magongo, kwa baiskeli za magurudumu matatu na kwa migongo ya jamaa zenu: nashukuru kupewa nafasi hii. Niliombwa nieleze jinsi mtu asiyeweza kukunja nyonga alivyoweza kusimamia chakula cha watu melini. Nitaeleza. Lakini nawatahadharisha mapema kwamba sehemu kubwa ya maelezo yangu si ya ushujaa. Ni ya uongo nilioutunga mwenyewe, na ya mama mmoja aliyeadhibiwa kwa ajili yake. Majina sitayataja, kwa sababu mji wetu ni mdogo na baadhi yao mnasalimiana nao sokoni.

Nilisomea uendeshaji wa hoteli chuoni, enzi ambazo mhitimu alipangiwa kazi kabla hajafungasha sanduku lake. Nilifanya kazi miaka mingi katika hoteli ya shirika la umma, nikapanda hadi kuwa msimamizi wa ukumbi wa chakula. Nilikuwa natembea, ndugu zangu. Nawaambia nilikuwa natembea! Wahudumu walinitambua kwa mlio wa viatu vyangu kabla hawajaniona, na hadi natokea mlangoni, kila kitambaa cha meza kilikuwa kimenyooshwa.

Kisha yakatokea yale ambayo kila mwanamke wa Mwanza anaweza kuyaeleza. Maji ya bomba yalikatika siku nyingi mfululizo, nami, pamoja na cheo changu, nikabeba beseni la nguo kwenda kufulia kwenye mawe ya ziwani. Jiwe lilikuwa na utelezi. Nguo zilielea, mimi nikaangukia nyonga. Mfupa ulipounga, uliunga vibaya. Tangu siku hiyo mguu wangu wa kulia ni mfupi kuliko wa kushoto, nyonga haikunji vizuri, na bila magongo hatua zangu zinahesabika.

Nikiwa bado kitandani, hoteli yetu iliuzwa. Ilikuwa miaka ile ya soko huria, mashirika yanabinafsishwa moja baada ya jingine. Wenzangu wenye miguu mizima walipunguzwa kazini. Mimi niliyelala ningebakizwa na nani? Barua ililetwa nyumbani. Niliisoma nikaiweka chini ya godoro, kana kwamba nikiificha itakuwa haijaandikwa.

Lakini soko huria hilohilo lilileta pia mambo mapya. Mfanyabiashara mmoja, mzee wa familia ya siku nyingi hapa mjini, alinunua meli ndogo chakavu, akaikarabati na kuipaka rangi nyeupe, akaanzisha matembezi ya Jumamosi: kuondoka bandarini asubuhi, kuvizunguka visiwa, kula melini, na kurudi kabla ya jua kuzama. Alitaka chakula kiwe bufee, yaani vyombo vyote vipangwe mezani na wageni wajipakulie. Mpishi wake alikuwa mzee mmoja kutoka Ukerewe niliyefanya naye kazi hotelini. Ndiye aliyenitaja.

“Nimemwambia una diploma na unajua bufee,” akaniambia.

“Na mguu?”

“Sikuutaja. Mguu utauleta mwenyewe.”

Ndugu zangu, mguu sikuupeleka. Siku ya usaili niliyaacha magongo yangu kwa fundi viatu nje ya ofisi, nikaingia nikishika ukuta, kisha mgongo wa kiti, kisha ukingo wa meza. Mwenye meli aliniuliza kuhusu wali, mchuzi na samaki. Kuhusu kutembea hakuuliza, nami sikumjibu nisiloulizwa. Nilirudi nyumbani nikiwa msimamizi wa bufee. Nilifurahi kama mtu aliyeiba na hajakamatwa.

Niwaeleze meli ilivyokuwa. Jiko lilikuwa chini, meza ya bufee ilikuwa juu kwenye sitaha, na katikati palikuwa na ngazi ya chuma iliyosimama karibu wima. Nilifika bandarini kabla ya wengine, nikapanda ngazi ile kwa mikono zaidi kuliko miguu, nikaficha magongo nyuma ya madumu ya maji. Wahudumu walipofika walinikuta nimesimama mezani nimetulia, mkono mmoja juu ya meza. Walidhani ni madaha. Kumbe nikiuondoa mkono ule naanguka.

Safari ya kwanza ilipita salama kwa sababu wageni walikuwa wachache. Ya pili tulibeba ukoo mzima uliokuwa ukisherehekea ndoa. Hapo ndipo nilipogundua kwamba chuoni nilifundishwa kupanga bufee, lakini sikufundishwa bufee ya watu wetu. Nilipotangaza chakula kiko tayari, vijana walijaa mezani na kila mmoja akaondoka na sato wawili. Wazee hawakuinuka. Na wangeinukaje? Tangu lini mkwe akapanga foleni na sahani mkononi nyuma ya watoto? Walikaa kwenye viti vyao wakitazama ziwa, wakisubiri kuletewa kama wanavyoletewa nyumbani. Nami nikatazama sinia la samaki likipungua, nikaona aibu inakuja.

Mwenye meli alikuwa akiniangalia. Nikataka kumwonyesha kwamba mimi ni mwepesi. Nikapakua sahani ya wali na mchuzi, nikaacha meza, nikaenda kumpelekea mzee wa upande wa bibi harusi. Hatua ya nne meli iliinama kidogo kwa wimbi, nami nikaanguka. Mchuzi wote ukaishia kwenye koti lake la suti.

Pembeni yangu alikuwa akipita mhudumu mmoja, mama mjane wa umri wangu, akiwa amebeba glasi. Mwenye meli aliuliza, “Nani amefanya hivi?” Mdomo wangu ukajibu kabla ya akili: “Huyu amenigonga.”

Hakunigonga. Alikuwa umbali wa hatua mbili. Aliniangalia usoni, kisha akatazama mguu wangu, na nikajua kwamba alikuwa ameshajua siku zote. Akaendelea kupeleka glasi zake. Tulipofika bandarini aliambiwa asirudi Jumamosi inayofuata.

Nilipokewa nyumbani kwa pongezi. Dada yangu alikuwa amenipikia ugali na dagaa, akasema, “Leo umefanya kazi, kula.” Sikuweza. Kesho yake, Jumapili, nilitoka kanisani, nikachukua magongo yangu mbele ya watu wote, nikaenda hadi mtaa wa Mirongo kumtafuta yule mama.

Nilimkuta uani anapika. Nilibisha hodi, akanikaribisha kwa adabu iliyoniumiza kuliko tusi.

“Dada, nimekuja,” nikasema.

“Nimekuona. Umekuja kunionea huruma au kuniomba radhi? Maana huruma ninayo ya kutosha humu ndani.”

“Kuniombea… kukuomba radhi.” Nilikuwa nimechanganyikiwa hata lugha.

“Mimi nimefukuzwa kwa mguu wako, unajua? Mguu wangu mwenyewe haujawahi kunifukuzisha kazi.”

Nawaambia, nilitamani ardhi ile inimeze. Lakini hakunifukuza. Alisema chakula kimeiva, nami nisubiri wengine wapakuliwe kwanza. Akavuta kigoda, akaketi kando ya sufuria. Watoto wake, mama mkwe wake na wapangaji wawili walileta sahani zao mmoja mmoja. Ya mama mkwe ilitangulia. Mtoto aliileta, ikajazwa, ikarudishwa kwake alipoketi. Wengine wakafuata. Yule mama hakuinuka hata mara moja. Aligawa wali, akagawa samaki, kila mtu akapata, na chini ya sufuria pakabaki sehemu mbili: yangu na yake.

Nikamwambia, “Watu wote hawa, na wewe hujainuka.”

Akacheka kwa mara ya kwanza. “Niinuke niende wapi? Nikianza kuzunguka na sufuria hapa, wa mwisho anapata ukoko. Ninyi wasomi ndio mnaozunguka.”

Ndugu zangu, mimi nilikulia katika nyumba ya namna hiyo. Bibi yangu alipakua hivyo, mama yangu alipakua hivyo, nami niliwahi kupeleka sahani za wazee kwa mikono miwili. Lakini nilikuwa nimeshawishika kwamba msimamizi ni mtu anayetembea, na asiyetembea si msimamizi. Nilikula chakula cha yule mama huku machozi yakiingia sahanini. Akaniambia, “Usilie juu ya wali, chumvi niliyotia inatosha.”

Jumatatu nilikwenda ofisini kwa mwenye meli, magongo yangu mkononi. Aliyatazama kutoka juu hadi chini.

“Hayo ya nani?”

“Yangu, mzee. Siku ya usaili niliyaacha kwa fundi viatu, na melini nikayaficha nyuma ya madumu ya maji. Na yule mama hakunigonga. Nilianguka mwenyewe nikamsingizia.”

“Wewe mama,” akasema polepole, “mimi nilinunua meli. Sikununua matatizo.”

“Ndiyo, mzee. Kama lazima mmoja abaki nchi kavu, niwe mimi. Ila ukiniruhusu safari moja, nitapakua nikiwa nimekaa, na chakula kitamfikia mtu wa mwisho.”

Nikamweleza mpango. Stuli ndefu, kwa kuwa nyonga yangu haiwezi kigoda, ifungwe kwa boliti mwisho wa meza. Wali, ndizi na mboga wageni wajipakulie. Samaki wabaki mikononi mwangu. Sahani za wazee zitangulie kabla foleni haijafunguliwa, na atakayezipeleka awe yule mama.

Alifikiri. Kisha akasema, “Jumamosi moja. Samaki wakiisha kabla ya watu, nyote wawili mnabaki. Na hilo ulilosema hapa ukaliseme kule melini, mbele ya waliokusikia ukimsingizia.”

Nililisema. Asubuhi ile ya Jumamosi, kabla wageni hawajapanda, nahodha, mabaharia, mpishi na wahudumu walisimama kwenye sitaha, nami nikaeleza nilichofanya, sentensi kwa sentensi. Ilikuwa ngumu kuliko ngazi. Yule mama alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, “Haya, nimesikia. Sasa tupange sahani, wageni wanakuja.”

Tulibeba ukoo mwingine wa harusi, mkubwa kuliko ule wa kwanza. Nilipanda kwenye kiti changu, sinia la sato mbele yangu, magongo yameegemea meza kila mtu anayaona. Yule mama alipita kwa wazee akiwaamkia mmoja mmoja, akaniletea sahani zao nikapakua, akawarudishia walipoketi. Kisha foleni ikafunguliwa.

Kijana mmoja mchangamfu alipofika kwangu alipaza sauti, “Jamani, mama huyu amekaa kama chifu!”

Nikamjibu, “Chifu hupakuliwa, baba. Mimi napakua. Nikupe kichwa au mkia?”

“Nipe wawili.”

“Hao wawili mmoja ni wa shangazi yako aliye nyuma yako. Mwombe yeye.” Shangazi mtu akakataa kwa sauti, foleni nzima ikacheka, na baada ya hapo hakuna aliyeomba wawili.

Upepo wa mchana ulianza foleni ikiwa nusu. Meli ilipoyumba, wenye miguu mizima ndio walioshikana mabega. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti kilichofungwa, sinia limebanwa kwenye ukingo wa meza, mkono wangu haukukosea sahani. Nilimsikia mpishi akiuliza kutoka chini ya ngazi, “Huko juu wamebaki wangapi?” Nikamjibu kwa hesabu, maana kwa mara ya kwanza nilikuwa naijua: kila aliyekula alipita mbele ya macho yangu.

Mtu wa mwisho katika foleni alikuwa mwenye meli. Alisimama na sahani yake kama mgeni yeyote, bila kutabasamu. Nilitazama sinia. Walikuwa wamebaki sato watatu. Nikamwekea mzima mzima. Alimgeuza kwa uma, akamtazama, kisha akaniuliza, “Pilipili ziko wapi?”

Hivyo ndivyo tulivyorudishiwa kazi sote wawili, ndugu zangu. Barua hatukupewa. Jumamosi iliyofuata tulikuta majina yetu kwenye orodha ya safari, moja chini ya jingine, na mpaka leo nasimamia bufee ile.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mpishi aliyenitaja, dada yangu aliyenilea nikiwa kitandani, na mwenye meli aliyenidai ukweli palepale niliposemea uongo. Zaidi ya wote namshukuru yule mama, ambaye angeweza kunifungia mlango akanifungulia, na ambaye hadi sasa ananiita msomi kila ninapokosea.

Nililojifunza ni hili. Ulemavu wangu haukumdhuru mtu yeyote. Aliyemdhuru mwenzangu ni mimi, kwa kutaka nionekane kana kwamba sinao. Ukienda kuomba kazi, sema mapema kile ambacho mwili wako hauwezi, kisha hapohapo, bila kushusha macho, sema utakavyoifanya kazi hiyo. Wengine watakukatalia, mimi pia nilikataliwa mahali pengine. Lakini atakayekukubali atakuwa amekukubali wewe, na hakuna mtu mwingine atakayelipishwa kwa siri yako.

Nimefika mwisho. Mwenye swali aniulize, ila mniruhusu nijibu nikiwa nimekaa.