Mwalimu Florian Mutalemwa (1961–2025) na Kipimajoto Chake

Mwalimu Florian Mutalemwa alizaliwa Kamachumu, Muleba, tarehe 14 Agosti 1961, na mama yake alikuwa akisema mtoto huyo alitembea kabla ya kujua kukaa. Alisoma shule ya msingi hukohuko, akamaliza kidato cha sita mwaka 1982, na stashahada ya ualimu mwaka 1986.

Kuanzia 1987 hadi alipostaafu 2021 alifundisha fizikia katika sekondari moja hapa Mkolani. Alizunguka darasani na kipimajoto cha maabara mfukoni, akiuliza kila mwaka: kikombe cha chai inayochemka na ndoo ya maji vuguvugu, joto jingi liko wapi? Waliojibu kikombe aliwatuma wakapashe ndoo, waone mkaa unavyokwisha.

Mwaka 1990 alimwoa Hellen Masele wa Bujora. Siku ya kujitambulisha ukweni, asubuhi ya baridi, alikuta kiti cha chuma na kigoda cha mti. Badala ya kukaa, akaanza kumweleza baba mkwe kwamba vyote vina jotoridi moja. Chuma kinanyonya tu joto la mwili haraka, ngozi inadanganyika.

"Basi wewe kaa kwenye chuma," Mzee Masele akamwambia.

Alikaa, na posa ikapokelewa.

Alhamisi, 6 Machi 2025, Mama Hellen alimgusa paji la uso, akashtuka. "Baba Prudencia, unaungua. Twende hospitali."

"Ngozi inadanganyika, mama." Akaweka kipimajoto chake mdomoni, akakitoa, akakipeleka dirishani penye mwanga, akasoma thelathini na saba. Ikawa hivyo siku tatu, yeye akizunguka sebuleni anatetemeka, mkewe akizunguka nyuma yake akimsihi.

Jumapili binti yao Prudencia alifika kutoka Bukoba, akamkuta anaelekea dirishani.

"Baba! Hicho ni cha maabara. Kikitoka mdomoni tu, kinashuka. Si wewe uliyetufundisha?"

Mwalimu alisimama. Hatukuwahi kumwona amesimama tuli namna ile.

Hospitali kipimo kilisoma arobaini. Ilikuwa homa ya mapafu, na ilikuwa imeshakomaa. Jumanne asubuhi aliuchukua mkono wa mkewe, akauweka kwenye paji lake la uso.

"Soma."

"Moto," Mama Hellen akajibu, analia.

"Sahihi," akasema Mwalimu. Alifariki saa nne, tarehe 11 Machi.

Tangu siku hiyo Mama Hellen hatulii, anajilaumu kwamba hakumburuta. Mama, Mwalimu mwenyewe alikupa vema.

Ameacha mjane, watoto watatu, Prudencia, Nathaniel na Odeta, na wajukuu watano. Mungu amwandalie kiti, na safari hii akae, apumzike.