Sensa ya Sindano

Benchi letu limeegemea ukuta wa Sindano, yule fundi cherehani, kwa hiyo gari lake likiugua, wauguzi hawakosekani. Jumamosi hiyo taa ya injini ilikuwa imewaka, na kesho yake alitakiwa ampeleke mama mkwe hospitali ya mji wa jirani akapasuliwe jicho. Mashine ya kupimia gari, ya kuazima, ilisema sensa ya oksijeni imekufa. Gereji wakamwambia aliache gari wiki nzima. Akanunua sensa mpya, akalipandisha gari juu ya stendi za chuma, akaingia uvunguni mwenyewe. Sisi tukamsaidia kahawa yake: tuliinywa.

– Unaiona? akauliza Breki, dereva mstaafu.

– Naiona, ila mkono haufiki. Imejificha nyuma ya injini, kwenye bomba la moshi.

– Mtaka cha mvunguni sharti auze gari, akasema Kinyozi.

– Ainame, bwana! Breki akamsahihisha.

– Ameinama tangu asubuhi, kapata nini?

Profesa, muuza viatu, akashusha kikombe.

– Ile sensa kazi yake ni kunusa moshi. Ni pua ile, na pua huziba. Ingepakwa dawa ya mafua tu.

– Haijaziba, imesusa! Breki akamkatiza. Hewa ya siku hizi nani anataka kuinusa?

– Waliounda gari wameificha makusudi, akasema Kinyozi. Wanajua mwenye mikono mifupi atanunua jingine. Ndiyo maana wahenga wakasema, mkono mtupu haulambwi.

Uvunguni spana ikateleza. Tukasikia ngumi ikigonga chuma, kisha neno ambalo mkwe hapaswi kulisikia.

– Pole! tukaitikia kwa pamoja, bila kuinuka.

Sindano akanyunyiza mafuta ya kulegeza nati, akawasha injini kidogo bomba lipate moto, akazima, akarudi na soketi yenye mpasuko wa kupitishia waya. Safari hii akapenyeza mkono kupitia upande wa gurudumu. Kitu kikalia kriii. Akatoka na sensa nyeusi kama kidole kilichoungua, vifundo vinavuja damu, uso unang'aa kama wa bwana harusi.

– Si tulikwambia! akasema Breki.

Akafunga mpya, akafuta kumbukumbu ya hitilafu kwa ile mashine ya kuazima, akawasha. Taa ikazimika. Tukapiga makofi. Akazunguka mtaa mara moja, akarudi. Taa inawaka.

– Imeona ugeni, akasema Profesa.

– Ile ya zamani imeiachia wosia, akasema Kinyozi.

Mama mkwe akatoka, jicho moja limefunikwa kitambaa, akatusikiliza kwa adabu.

– Mwanangu, sensa za namna hiyo humo garini ziko ngapi?

Sindano akamtazama Breki. Breki akamtazama Profesa. Profesa akakagua soli ya kiatu chake. Kinyozi, ambaye ana maoni hata juu ya vipara, akakohoa.

– Nimeuliza tu, akasema mama. Haya, basi la alfajiri linaondoka saa ngapi?

Hilo sote tulilijua. Kila mmoja akataja saa yake.