Fundi Meno na Uso Uliokataa Kucheka

Ndugu, jamaa na majirani, familia imenituma niwasomee maisha ya baba yetu, mimi ni mtoto wake wa kwanza, na nikikwama katikati naomba mnivumilie.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Septemba 1951, mtoto wa tatu wa seremala, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1959 hadi 1965, kisha sekondari, na mwaka 1973 akahitimu chuo cha afya akiwa fundi wa meno bandia.

Aliajiriwa tarehe 2 Januari 1974 katika hospitali ya wilaya, kwenye chumba kidogo kilichopakana na cha kufulia mashuka, chenye harufu ya nta na plasta, akakaa humo miaka thelathini na saba, watu wakamwita Fundi Meno, naye alizoea kuwatania vibogoyo, "Leo nacheka peke yangu, Ijumaa tutacheka wote."

Alifunga ndoa na mama yetu, mkunga, tarehe 5 Mei 1979, wakajaliwa kunipata mimi na wadogo zangu wawili wa kiume.

Mwaka 2014, akiwa amestaafu, mwendo wake ulianza kuwa mzito, tukasema ni uzee tu, lakini kilichotuumiza ni uso, uliokauka kama wa mtu aliyenuna, na siku ya harusi yangu, tarehe 8 Agosti 2015, alikaa meza ya mbele saa nne nzima bila kutabasamu, wakwe wakanong'ona kwamba hamtaki mkwewe, nami nikaamini, nikamwambia mbele ya watu, "Baba, kama hukutaka, ungebaki nyumbani," akajibu taratibu, "Mwanangu, mbona nimefurahi?", nikampa kisogo, na sikukanyaga kwake kwa miezi kumi na tisa.

Machi 14, 2017, mama alinipigia simu, "Njoo hospitali usikie mwenyewe," na daktari akatuonyesha picha ya ubongo wa baba, akaeleza kwamba seli za ubongo hupashana habari kwa kemikali, na mojawapo, dopamini, ina vibebaji vidogo vinavyoirudisha ndani ya seli itumike tena, navyo hupungua kwa kila anayezeeka, ila kwa baba seli zenyewe zilikuwa zimekufa kwa wingi, ndiyo maana misuli, hata ya uso, ilichelewa kutii, na ugonjwa huo unaitwa Parkinson. Nikauliza kama moyoni alikuwa akihisi furaha, daktari akasema, "Muulize, si huyu hapa?" Sikuweza, nilimshika baba mkono tu nikalia, naye akasema, "Yameisha, mama," lakini kwangu hayajaisha mpaka leo.

Dawa zilimsaidia miaka minne, kisha kumeza kukawa shida, akapata nimonia, na tarehe 2 Juni mwaka huu wa 2023, saa tatu asubuhi, alifariki wodini, mama akiwa pembeni yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, jirani yetu wa duka la dawa aliyemvusha barabara kila asubuhi, na wenzake baba wa kazini waliokuja kumnyoa ndevu kila Jumamosi bila kuitwa.

Baba, pumzika kwa amani, na sisi uliotuacha, Mungu atupe subira ya kuwauliza wazee wetu kabla ya kuwahukumu.